Wiki Kumi na Mbili za Mwanzo: Kuitambua Mimba Changa na Kuitunza

Mimba huanza kazi yake kabla ya mwenye nayo kuijua. Siku mwanamke anapohesabu na kuona kwamba hedhi yake imechelewa kwa wiki mbili, moyo wa kiumbe kilichomo tumboni mwake umekwisha kuanza kupiga, na mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo umekwisha kufunga, au umeshindwa kufunga. Tumbo halijaonekana, nguo zote bado zinamtosha, na huenda hajamwambia mtu yeyote. Hata hivyo sehemu kubwa ya msingi imekwisha kujengwa.

Katika zahanati na vituo vyetu vya afya, akina mama wengi bado hufika kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne, mitano au zaidi. Wanapofika hupokewa na kuhudumiwa, lakini yapo mambo ambayo wakati wake umekwisha kupita. Somo hili linaeleza namna ya kuitambua mimba mapema, namna ya kuhesabu umri wake, na mambo ya kufanya katika wiki kumi na mbili za mwanzo ili mama na mtoto wafike salama.

Umri wa mimba huhesabiwaje?

Wakunga na madaktari huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wala si siku ya kujamiiana. Sababu ni kwamba siku yai lilipotungishwa ni nadra kujulikana kwa hakika, ilhali siku hedhi ilipoanza inaweza kukumbukwa au kuandikwa. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai hupevuka takribani siku ya 14. Kwa hiyo hesabu ya kliniki huwa mbele ya umri halisi wa kiumbe kwa takribani wiki mbili.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini limewahi kuvunja nyumba. Mume aliyerejea kutoka safarini wiki sita zilizopita, akisikia kwamba mimba ya mkewe ina wiki nane, huanza kujiuliza maswali mazito. Hakuna siri yoyote hapo. Mimba ya wiki nane kwa hesabu ya kliniki ni mimba iliyotungwa wiki sita zilizopita. Ni wajibu wa mtoa huduma kulieleza hili bila kusubiri kuulizwa.

Ili kukadiria siku ya kujifungua, chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudisha nyuma miezi 3, kisha usogeze mwaka mbele pale inapohitajika. Tuseme hedhi ya mwisho ilianza tarehe 10 Juni 2025. Ukiongeza siku 7 unapata tarehe 17 Juni. Ukirudi nyuma miezi 3 unapata tarehe 17 Machi. Mwaka utakuwa 2026. Hizo ni siku 280, yaani wiki 40. Kanuni hii hubeba jina la tabibu Mjerumani Franz Naegele. Tarehe inayopatikana ni makadirio, kwa kuwa watoto wengi huzaliwa siku kadhaa kabla au baada yake. Mwanamke ambaye mzunguko wake hubadilikabadilika, au asiyekumbuka tarehe, hunufaika sana na kipimo cha altrasaundi kinachofanywa mapema. Kikifanywa katika miezi mitatu ya mwanzo hukosea kwa siku chache tu, na kadiri mimba inavyokua ndivyo makadirio yake yanavyozidi kulegea.

Dalili za mimba changa

Dalili ya kwanza kwa wanawake wengi ni kukosa hedhi. Nyingine ni kichefuchefu na kutapika, ambavyo kwa kawaida huanza karibu na wiki ya 6 na kupungua kati ya wiki ya 12 na ya 16. Matiti kujaa na kuuma. Uchovu usio na sababu. Kwenda haja ndogo mara kwa mara. Kuchukia harufu za vyakula vilivyokuwa vikipendwa. Na kutamani vitu visivyo vya kawaida.

Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya hizo inayothibitisha mimba peke yake. Uchovu na kichefuchefu huletwa pia na malaria. Haja ndogo ya mara kwa mara inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Hedhi inaweza kukatika kwa sababu ya kunyonyesha, sindano ya uzazi wa mpango, kupungua sana uzito au msongo wa mawazo. Kwa upande mwingine, baadhi ya wanawake huona matone machache ya damu karibu na siku ambazo hedhi ilitarajiwa, nao huamini kuwa wameingia hedhi, kumbe mimba imekwisha kutunga. Ukiona hedhi iliyokuja chache mno na fupi kuliko desturi yako, usiihesabu kuwa hedhi mpaka upime.

Mama anayenyonyesha naye asijione kuwa salama moja kwa moja. Yai huweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza baada ya kujifungua kurudi, hasa mtoto anapoanza kupewa vyakula vingine. Ndiyo maana wapo wanaobeba mimba nyingine bila kuiona hedhi hata mara moja.

Kipimo cha mkojo

Yai lililotungishwa linapojipandikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, siku ya 6 hadi ya 12 baada ya kupevuka, chembe zitakazounda kondo la nyuma huanza kutoa homoni iitwayo hCG. Homoni hii huingia katika damu, kisha katika mkojo, na katika wiki za mwanzo kiwango chake huongezeka maradufu kila baada ya siku mbili au tatu. Kipimo cha mkojo huitafuta homoni hiyo.

Bara letu lina nafasi katika historia ya kipimo hiki. Lancelot Hogben, mwanabiolojia Mwingereza aliyefundisha Cape Town mwishoni mwa miaka ya 1920, alitambua kwamba chura mmoja wa Afrika Kusini hutaga mayai akidungwa vichocheo vya tezi ya ubongo. Kutokana na ugunduzi huo, kuanzia miaka ya 1930 hospitali katika nchi nyingi zilifuga vyura hao. Chura jike alidungwa mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai ilijulikana kwamba mwanamke huyo ana mimba. Siku hizi kijiti kinachouzwa katika duka la dawa hufanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Ili kipimo kiseme kweli, subiri angalau siku ambayo hedhi ilitarajiwa. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwa kuwa maji mengi ya kunywa huuzimua mkojo. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi, kisha usome jibu ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Mstari wa pili, hata ukiwa hafifu, ukitokea ndani ya muda huo maana yake ni kwamba homoni ipo. Usipoona hata mstari mmoja, kipimo kimeharibika, tumia kingine. Jibu likisema hakuna mimba na hedhi bado haijaja, rudia baada ya siku chache hadi wiki moja.

Kipimo kina mpaka wake: husema mimba ipo, hakisemi iko wapi.

Damu na maumivu

Wakati mwingine mimba hutunga nje ya mji wa mimba, mara nyingi ndani ya mrija wa uzazi. Mrija hauna nafasi wala nguvu ya kuibeba. Unapopasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, ambako haionekani kwa macho, na mwanamke anaweza kupoteza maisha katika muda mfupi. Dalili zake ni maumivu makali ya chini ya tumbo, hasa upande mmoja, pamoja na damu ukeni ambayo inaweza kuwa kidogo tu. Kizunguzungu, kuzirai na maumivu ya ncha ya bega ni ishara kwamba damu imekwisha kuvuja tumboni. Mwanamke yeyote aliyekosa hedhi akipatwa na hali hii apelekwe hospitali yenye uwezo wa upasuaji saa hiyo hiyo. Kumlaza nyumbani na kumpa dawa ya maumivu ili kumtazama mpaka asubuhi ni kumhatarisha.

Kutokwa na damu katika miezi ya mwanzo si lazima kuwe na maana kwamba mimba imeharibika. Takribani mwanamke mmoja kati ya wanne huona damu kidogo, na mimba nyingi kati ya hizo huendelea vizuri. Hata hivyo kila damu inahitaji kuchunguzwa.

Mimba ikiharibika, mara nyingi lawama humwangukia mama: aliinua ndoo, aligombana na jirani, alipanda bodaboda. Ukweli ni kwamba takribani nusu ya mimba zinazoharibika mapema huwa na kasoro katika kromosomu, kasoro iliyokuwapo tangu kutungwa, ambayo hakuna mapumziko yangeiondoa. Mwanamke aliyepoteza mimba anahitaji matibabu na faraja, hahitaji hukumu.

Kwa nini kliniki kabla ya wiki ya 12?

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mjamzito akutane na mtoa huduma angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Ziko sababu za kitabibu nyuma ya pendekezo hilo.

Tuanze na shinikizo la damu. Katika mimba ya kawaida shinikizo hushuka kidogo katika miezi ya kati, kisha hupanda tena kuelekea mwisho. Mwanamke aliyekuwa na shinikizo kubwa kabla ya mimba, akipimwa mara ya kwanza katika mwezi wa tano, anaweza kuonekana mzima. Likipanda katika mwezi wa nane, mkunga hatajua kama ni ugonjwa wa zamani au ni mwanzo wa kifafa cha mimba, kwa sababu hana kipimo cha mwanzo cha kulinganisha. Aidha, wanawake walio katika hatari kubwa ya kifafa cha mimba huweza kupewa aspirini ya dozi ndogo ili kupunguza hatari hiyo, na dawa hiyo hufaa zaidi ikianzwa mapema, kabla ya wiki ya 16. Aliyechelewa huikosa kinga hiyo.

Vivyo hivyo kwa kaswende na virusi vya Ukimwi. Kaswende humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma na inaweza kumuua tumboni, ilhali tiba yake ni sindano ya penisilini. Mama mwenye virusi vya Ukimwi akianza dawa mapema, virusi hupungua mwilini kiasi kwamba uwezekano wa kumwambukiza mtoto huwa mdogo sana. Kundi la damu, kiwango cha damu, sukari na mkojo huangaliwa pia. Damu iliyo chini ya gramu 11 kwa desilita katika miezi hii ni upungufu, na ni rahisi kuirekebisha ukiwa na miezi sita mbele yako kuliko ukiwa na wiki tatu.

Foliki asidi na chakula

Mfereji wa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 baada ya kutungwa kwa mimba. Usipofunga sawasawa, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi. Mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku hupunguza sana hatari hii, lakini kwa sharti la kuanzwa kabla ya mimba au mara tu inapotunga. Kwa hiyo mwanamke anayekusudia kubeba mimba aanze angalau mwezi mmoja kabla. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa, amwone daktari mapema zaidi kwa kuwa huhitaji dozi kubwa. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi vinavyotolewa kliniki viendelee kumezwa kila siku. Kinyesi kuwa cheusi ni kawaida na si madhara.

Chakula cha mjamzito hakihitaji gharama kubwa. Dagaa, maharage, kunde, choroko, mayai, mchicha, matembele na kisamvu hupatikana sokoni karibu kila mahali. Madini chuma yaliyo katika mboga na nafaka huingia mwilini vizuri zaidi yakiliwa pamoja na chungwa, embe, ndimu au ubuyu, na huzuiwa na chai na kahawa. Basi chai inywewe saa moja au mbili baada ya chakula, isiwe pamoja nacho. Katika baadhi ya jamii mjamzito hukatazwa mayai. Mwiko huo humnyima protini wakati anapoihitaji zaidi. Maziwa yachemshwe na nyama iive.

Udongo unaouzwa sokoni kwa ajili ya wajawazito, ambao wengine huuita pemba, usichukuliwe kuwa chakula. Tamaa ya kuula mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, nao udongo wenyewe huzuia madini chuma kufyonzwa, na unaweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi. Anayeutamani sana asione haya kumwambia mkunga, kwani tamaa hiyo ni taarifa muhimu kwake.

Kwa kichefuchefu, kula kidogo kidogo mara nyingi husaidia, na tangawizi pia huwatuliza wengi. Lakini anayetapika kila anachokula na kunywa, mkojo ukawa mweusi na uzito ukashuka, anahitaji hospitali na maji ya mishipa.

Malaria na dawa

Vimelea vya malaria hujificha katika kondo la nyuma, mahali ambapo damu ya mama na chakula cha mtoto hukutana. Mama anaweza asiwe na homa kabisa, huku mtoto akikosa lishe na kuzaliwa na uzito mdogo. Katika maeneo yenye malaria kinga huanza na chandarua chenye dawa, kila usiku, tangu siku ya kwanza. Dawa ya SP huanza wiki ya 13 na kuendelea, kwa kupishana angalau mwezi mmoja, na mama apate dozi tatu au zaidi. Haitolewi katika miezi mitatu ya mwanzo, wala kwa anayetumia kotrimoksazoli. Akiugua malaria isiyo kali katika miezi hiyo ya mwanzo, asikae na homa kwa kuogopa dawa: tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa mseto ya artemetha na lumefantrini itumike hata katika kipindi hicho, baada ya kupimwa.

Kuhusu dawa nyingine, kanuni ni mbili. Usianze dawa yoyote bila kusema kwamba una mimba au unadhani unayo. Usiache dawa ya ugonjwa wa kudumu, kama kifafa, kisukari au shinikizo la damu, bila kumwona daktari, kwa kuwa nyingine zitabadilishwa na nyingine ni hatari kuachwa ghafla. Mitishamba isiyojulikana kiasi wala kilichomo iepukwe. Baadhi huamsha uchungu wa mji wa mimba. Pombe haina kiwango kilichothibitika kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni, nayo sigara na ugoro ni vya kuachwa.

Siri, aibu na mwenza

Wazee wetu walifundisha kwamba mimba changa haitangazwi. Mafundisho hayo yana hekima yake: mimba nyingi zinazoharibika huharibika katika miezi hii, na si kila mtu anataka majirani wahesabu siku zake. Hakuna ubaya kuificha mimba kwa mtaa. Hasara huja inapofichwa pia kwa mkunga, ambaye amefungwa na wajibu wa kutunza siri.

Wapo wanaochelewa kwa sababu nyingine: wameambiwa kwamba mama asiye na mwenza hatapokewa. Mwenza anakaribishwa kliniki, na akija hupima afya yake na kujifunza dalili za hatari. Lakini kutokuwapo kwake, awe safarini, amekataa au hajulikani, hakuondoi haki ya mama kupimwa. Msichana wa shule aliyebeba mimba ndiye mwenye hatari kubwa zaidi na ndiye mwenye hofu kubwa zaidi ya kufika. Lugha atakayokutana nayo mlangoni inaweza kuamua kama atarudi au la. Hili tunawaambia watoa huduma wenzetu kabla ya kuwaambia wazazi.

Dalili za kukimbilia hospitali

Wakati wowote wa ujauzito usisubiri siku ya kliniki ukiona damu ukeni, maumivu makali ya tumbo, homa, kutapika kusikokoma, kuzirai, au kupumua kwa shida. Baada ya wiki ya 20 ongeza hizi: kichwa kuuma sana, macho kuona giza au nyota, maumivu chini ya chembe ya moyo, uso na mikono kuvimba, degedege, maji kutoka kabla ya uchungu, na mtoto kupunguza kucheza.

Ndugu msomaji, iwapo hedhi yako imechelewa kwa wiki moja, pima wiki hii hii. Iwapo una mimba, andika tarehe ya hedhi yako ya mwisho na uende nayo kliniki, hata kama hakuna anayejua. Na iwapo wewe ni mume, mama mkwe, shangazi au jirani uliyekwisha kubashiri kabla ya kuambiwa, usimuulize mbele ya watu. Mwambie faraghani kwamba uko tayari kumsindikiza.